Rangi ya mafuta ya mchoraji sio ile ya kupaka geti: ninavyofanya kazi chumbani kwangu hapa Moshi

Kabla hujatoa hata mia yako, sikiliza hili kwanza. Ukiingia duka la hadwea hapa Moshi ukamwambia mangi nataka rangi ya mafuta, atakushushia kopo la rangi ya kung'aa, ile ya geti na milango, na wala hajakosea, manake kwa Kiswahili cha dukani hiyo ndo rangi ya mafuta. Rangi za namna hiyo ndo alizotumia Edward Saidi Tingatinga kule Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, juu ya hadibodi, na kwa staili ile ya mistari safi na rangi bapa inakubali vizuri tu, inakauka haraka, inang'aa, kazi imeisha. Ila ukitaka shavu la mtu litoke kwenye mwanga liingie kivulini taratibu itakukimbia, utakuwa bado unalainisha huku yenyewe imeshaanza kushika. Hii ya mchoraji inakuja kwenye tyubu, ndani ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani, yaani linsidi, na uzuri wake na ubaya wake ni kitu kilekile: inachelewa kukauka.

Na hilo neno kukauka lenyewe linatudanganya. Rangi ya ukutani ina maji, maji yanapaa, rangi inabaki. Linsidi haiendi popote. Inavuta oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa ngozi ngumu, siku za mwanzo picha inaongezeka hata uzito. Kwa hiyo kuianika kama dagaa eti maji yatoke ni kujisumbua, hakuna maji humo, inachotaka ni hewa inayotembea, mwanga, na siku zake.

Mi hili nilijifunza kwa ujinga wangu. Mwaka wangu wa kwanza linsidi iliniishia katikati ya picha ya mzee na ng'ombe wake, nikajiambia mafuta ni mafuta tu, nikaingia jikoni nikachota alizeti, ikachanganyika vizuri kabisa, rangi ikawa laini kama siagi nikafurahi kweli. Mwezi wa tatu bado inanata. Vumbi lote la Pasua likaja kukaa kidevuni kwa yule mzee kama ndevu, na wala sikuwa nimemchora ndevu. Alizeti ya kupikia inakauka nusunusu tu, mafuta ya nazi na ya zeituni hayakauki kabisa hata usubiri mpaka wajukuu. Shika linsidi. Na kwenye hadwea ipo ya kupaka mbao wanaiita ya kuchemshwa, hiyo imewekewa dawa ya kuharakisha kukauka na inakuwa ya njano mbaya baadaye, waachie maseremala.

Sasa chumba. Vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa na watu wa Ulaya na vyote vinakwambia tafuta dirisha la kaskazini, manake kule kwao jua linapita kusini mwaka mzima kwa hiyo mwanga wa dirisha la kaskazini unatulia asubuhi mpaka jioni. Nikahangaika nikapata chumba chenye dirisha linaloangalia mlima Kilimanjaro, kaskazini kabisa, nikajiona nimeula. Kufika Juni jua likaingia ndani likakaa juu ya kanvasi, kitambaa changu cha kuchorea, kama mgeni aliyekuja na begi. Sisi tuko karibu na ikweta, nyuzi tatu na kidogo tu kusini yake, kwa hiyo kuanzia kama katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Hakuna dirisha litakalokufaa mwaka mzima, hapa hata Arusha. Kama una madirisha mawili, hama nalo jua. Kama ni moja tu, tundika shuka jeupe lisilo na maua, mwanga unapungua kidogo lakini unatulia. Na kanvasi na paleti, yaani ubao wa kuchanganyia rangi, vyote vipate mwanga mmoja, usiweke kanvasi kwenye mwanga paleti ikabaki kivulini, utachanganya rangi moja ukabandika nyingine.

Usiku tafuta taa nyeupe, kwenye boksi wanaandika kelvini, chukua ya 5000 hivi. Zile za njano za 2700 ni nzuri kwa kulia chakula, ila chini yake njano na nyeupe zinafanana na asubuhi unaamka unakuta mawingu yako yote yana homa ya manjano.

Kitambaa. Kanvasi za kununua tayari zipo, kama mfuko unaruhusu nunua uokoe muda. Mi natengeneza. Nampelekea fundi seremala mbao za paini za inchi mbili kwa moja, na namsisitizia ziwe zimekauka kabisa manake paini mbichi ukishaibana kitambaa inajikunja na picha inakuwa kama bakuli. Mwambie apige randa ukingo uwe na mteremko kuelekea ndani, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje peke yake. Atakuuliza hii fremu ni ya kioo au ya nini, we mwambie tu fundi fanya hivo hivo, kwa sababu bila mteremko ule mbao itajichora yenyewe kwa nyuma, unapata mistari minne kuzunguka picha ambayo hukuipaka. Fremu ikikamilika pima kona kwa kona, zote mbili zilingane, zisipolingana fremu imekaa upande hata kama machoni inaonekana sawa.

Amerikani ndo kitambaa changu, chukua nzito kuliko zote dukani. Ifue kwa maji ya moto isinyae kabisa kabla, piga pasi. Mara nyingine napita Memorial kwenye mitumba nachukua mapazia mazito ya pamba, bei ya kutupa, ila hapo usimwamini muuzaji, chomoa uzi mmoja uwashe kiberiti: pamba inaungua inanuka karatasi na majivu yake yanasagika, polista inayeyuka inakuwa kishanga kigumu cheusi. Kishanga rudisha. Kubana, anza katikati ya kila upande, msumari huku msumari ng'ambo, halafu uende ukikaribia kona kidogo kidogo, huku na ng'ambo, usimalize upande mmoja kwanza. Kama huna stepla kubwa, misumari midogo ya fundi viatu inatosha. Ukigonga kwa kidole isikike kama ngoma.

Usipake rangi moja kwa moja kwenye kitambaa kitupu hata siku moja. Linsidi inapozeeka inatoa asidi na inakula pamba, miaka ikipita kitambaa kinachanika kama biskuti. Kwanza paka gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja gundi mbili maji, mara mbili, ikauke katikati. Halafu jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya kuandaa kitambaa, mara tatu, msasa laini kila baada ya mkono mmoja. Jeso ikikushinda bei, kwa mazoezi tu paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani isiyong'aa, ya daraja zuri, lakini picha ya kuuza usiifanyie hivo manake ile inakuwa ya ungaunga na rangi yako itakuja kubanduka mbele ya safari. Ile ya geti nyeupe usiipake chini, inateleza, rangi haishiki. Na jasi ya siling niliwahi kuona mtu ameikoroga na gundi eti jeso, ikamgandia kwenye ndoo kabla hajatafuta brashi.

Rangi zenyewe usinunue boksi la tyubu ishirini na nne. Yale maboksi ya bei rahisi rangi nusu yake ni kijazio, unaminya tyubu nzima haifuniki kitu. Bora tyubu tano au sita za maana uagize Nairobi au Dar, zije na basi. Mi ninazo nyeupe ya titani, hiyo chukua tyubu kubwa itaisha kabla ya zote, bluu ya ultramarini, yelo oka, banti siena ambayo ni ile kahawia nyekundu kama udongo wetu wa huku juu, banti amba kahawia ya giza, na nyekundu ya kadmiamu. Nyeusi ukipenda. Nyuma ya tyubu kuna namba ndogo ndogo za unga uliotumika na hizo ndo za kusoma, jina la mbele ni biashara tu: titani ni PW6, ultramarini PB29, oka PY43, siena na amba zote mara nyingi PBr7, kadmiamu PR108. Ukikuta nyekundu ya damu ya mzee imeandikwa PR83 iache, inapauka kwa mwanga. Tyubu haina namba kabisa? Rudisha.

Ukiona rangi tano au sita ni chache, kuna Mswidi aliitwa Anders Zorn, 1860 mpaka 1920, alichora watu wazuri ajabu na anajulikana kwa paleti ya rangi nne, nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi. Bluu haimo. Nyeusi ukiichanganya na nyeupe karibu na rangi za moto jicho linaiona kama bluu, jaribu utashangaa. (Na tukiongelea tyubu, hizi zilibuniwa na mchoraji wa Kimarekani John Goffe Rand mwaka 1841, kabla ya hapo rangi ilihifadhiwa kwenye kibofu cha nguruwe unakitoboa na kuziba, wapenzi wa kitimoto mpo hapo.)

Vya kuyeyushia. Tapentaini ya hadwea inatumika, nunua kidogo kwanza, weka tone kwenye karatasi nyeupe usubiri, likiacha doa la mafuta hiyo imechakachuliwa. Thina ya magari usilete ndani, kali mno na itakuyeyushia mpaka tabaka la chini. Mafuta ya taa mi naoshea brashi tu, kuchanganya na rangi hapana, yanaacha utando. Petroli wala tusiijadili. Fungua madirisha, na chai iwe mbali na kopo la brashi, kuna siku nilichovya brashi kwenye chai mara mbili, ya tatu nikanywa kutoka kopo sio, nikatema mpaka uani.

Kuanza picha natumia mkaa. Sio ule mkubwa wa jikoni, unakwaruza. Kata vijiti vyembamba, vimenye, vipange vimebana ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, toboa tundu moja dogo, lifukie kwenye moto wa jiko, moshi ukiacha kutoka tunduni toa lakini usifungue mpaka lipoe kabisa, ukifungua moto hewa inaingia na vijiti vyote vinakuwa majivu. Chora, pangusa, chora tena, ukiridhika kung'uta na kitambaa kikavu ubaki mstari hafifu tu.

Tabaka la kwanza ni banti amba na tapentaini, nyepesi kama chai ya rangi. Napaka kanvasi nzima, halafu kwa tambara nafuta palipo na mwanga na kuongeza palipo na giza, ndani ya saa moja picha yote ipo bila rangi hata moja ya ziada. Amba inakauka haraka kuliko karibu zote, kesho au keshokutwa unaendelea. Tabaka la pili rangi na tapentaini kidogo. La tatu rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu. La juu kabisa ndo unaongeza linsidi, matone. Kila tabaka liwe na mafuta zaidi ya lililo chini yake, kamwe sio kinyume, manake lenye mafuta mengi linachelewa kukauka na linaendelea kucheza, ukiweka juu yake lenye mafuta kidogo litakauka kwanza kisha chini kunajongea, linapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Picha nyingi ninazoletewa zimepasuka shida ni hii hii wala sio rangi feki.

Ukiona sehemu zimefifia hazing'ai kama jana, hasa za amba, usiogope, mafuta yamenywewa na tabaka la chini. Subiri zikauke, sugua linsidi kidogo mno kwa kitambaa, futa iliyozidi, endelea.

Ngozi zetu. Watu wanachukua kahawia wanaongeza nyeusi kwenye kivuli na nyeupe kwenye mwanga, wanapata mtu wa chokoleti iliyopauka. Weka nyeusi pembeni. Changanya ultramarini na banti siena, unapata giza zito ambalo unaweza kulivuta kwenye ubaridi ukiongeza bluu au kwenye joto ukiongeza siena, na hilo ndo la kivuli. Katikati siena na oka na kadmiamu kidogo. Halafu ule mng'ao wa paji la uso na juu ya pua, mwangalie mtu aliyesimama nje saa nne asubuhi: ule mng'ao sio nyeupe wala kahawia nyepesi, ni bluu ya mbingu imeakisiwa. Nyeupe, ultramarini na siena kiduchu, mguso mmoja, uache hapo hapo usiusugue. Kama kavaa shuka jekundu ya Kimaasai basi chini ya kidevu kuna wekundu unapanda, uweke.

Mlima nao. Kibo, kilele chake, ina mita 5,895 lakini saa nne tano mara nyingi imeshajifunika, kwa hiyo ukitaka kuichora uamke kabla ya jua, una saa mbili tatu hivi za kufanya kazi. Kosa la kila mtu ni kupaka barafu kwa nyeupe tupu na mlima kwa bluu ya tyubu. Mlima uko mbali, kati yako na yeye kuna hewa nyingi, kwa hiyo ultramarini ivunjwe na siena, nyeupe nyingi, na chini karibu na migomba upauke zaidi kuliko juu, ndo utarudi nyuma kwenye picha. Barafu ya alfajiri ina upinki, upande wa kivuli ni zambarau ya kijivu. Nyeupe tupu ibakize kwa sehemu moja tu yenye ukubwa wa punje ya mchele.

Brashi ukimaliza, futa kwanza na gazeti mpaka ziache kutoa rangi, suuza kwenye mafuta ya taa, halafu sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu kiganjani, zungusha mpaka povu litoke jeupe. Zilaze, usizisimamishe zikiwa na maji, maji yanashuka kwenye mti zinavimba zinapukutika. Uchafu wa kwenye kopo usimwage sinki wala mtaroni, uache utulie siku mbili, rangi inazama chini, juu kunabaki safi unamimina unatumia tena.

Halafu matambara, hapa naomba unisikilize vizuri. Tambara lenye linsidi ukilikunja ukalitupa pembeni linaweza kuwaka moto lenyewe bila kiberiti. Ule uvutaji wa oksijeni niliousema juu unatoa joto, tambara likikunjwa joto halina pa kutokea, linapanda linapanda mpaka linashika. Lianike likiwa limetandazwa nje kwenye kamba mpaka likakamae, au lizamishe kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Usiseme tambara moja halina neno.

Picha mbichi iinamishe uso ukielekea ukutani kwa mshazari ili vumbi liangukie mgongoni, lakini usiifungie kabatini, linsidi gizani inageuka njano. Na msimu wa mvua ukiingia, jioni ya kwanza tu, funga madirisha kabla ya kuwasha taa. Kumbikumbi. Nilikuwa na mbingu ya jioni Marangu nzuri sana nikaiacha na taa inawaka nikaenda kula mtori kwa jirani, narudi mbingu nzima ina mbawa. Wakinasa usiwatoe wakati rangi ni mbichi, utachubua, subiri ikauke watoke kwa kukwangua na kucha.

Vanishi ni baada ya miezi sita mpaka kumi na mbili kutegemea unene, ukipaka mapema unafungia hewa na kule ndani bado kubichi. Watalii hawasubiri miezi sita, hilo tunajua wote tunaouza Arusha. Nilishawahi kumpa mteja picha ya kisu, ile inayopakwa rangi nene kwa kisu badala ya brashi, ina wiki tatu, juu imeshika ndani mboga, akaikunja yeye mwenyewe hotelini uso ukiwa ndani, akanitumia picha alivyofika kwao. Ilikuwa imejibandika yenyewe kwa yenyewe. Nilimrudishia hela yake. Sasa za watalii nachora nyembamba, na za kisu nakuwa nazo zilizokwishakauka miezi ndani, mbichi siuzi. Mteja akitaka kusafiri nayo bila fremu, kunja uso ukiwa NJE sio ndani, kwenye bomba pana, lile la plastiki la maji taka la inchi nne linafaa, katikati weka karatasi ya kuokea keki isiyonata, na nyuma ya kanvasi andika kwa penseli tarehe uliyomaliza ili huko aliko ajue lini apake vanishi.